Kisa cha liva nne zilizoganda: lori la kijeshi la zamani lililobeba chumvi ya Uvinza

Usuli

Lori linalozungumziwa ni la kijeshi, la ekseli tatu zote zinazovuta, lenye injini ya petroli ya silinda sita. Aina yake kamili na mwaka wake havitajwi, kwa sababu malori ya namna hiyo mkoani Kigoma yanahesabika kwa vidole, na kulitaja lori ni sawa na kumtaja mwenye nalo. Mpangilio wake wa liva ni wa ukoo mmoja na GMC za Marekani zilizotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ZIL-157 ya Kisovyeti iliyoanza kutoka kiwandani 1958. Mwenye lori lolote la kizazi hicho atauelewa akiinama tu kuchungulia chini ya sakafu ya kabini.

Ukiacha liva ya gia, kuna nyingine nne. Ya kwanza ni ya transfa, yaani boksi linalogawa nguvu ya injini kwa ekseli za mbele na za nyuma: gia nyepesi (ya mwendo wa kawaida), fri (haiungi chochote), gia nzito (ya nguvu, ya mwendo wa polepole). Ya pili inaunga difu ya mbele, ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Ya tatu inaunga winchi, ile ngoma ya waya ya kuvutia. Ya nne ni ya handibreki, nayo iko peke yake. Hizo tatu za kwanza zimetobolewa chini na kuning'inizwa kwenye pini moja ya chuma, nene milimita 20 na ndefu milimita 210, inayoshikwa na bano la chuma cha kutupwa ubavuni mwa gia boksi. Ndani ya pini kuna tundu refu la grisi, na kutoka humo vitundu vya pembeni, kimoja kwa kila liva. Nipo, yaani kichuchu cha kupigia grisi, ni moja tu, upande wa dereva. Kutoka kwenye nipo kwenda ndani zinafuatana winchi, transfa, kisha difu ya mbele.

Mwenye lori alilipata kwa mkono wa pili kutoka kwa mtu aliyelinunua mnadani. Kwa miaka kadhaa lilibeba chumvi kutoka Uvinza kwenda Kigoma mjini na Kasulu, magunia yakipangwa hadi nyuma ya kabini. Kisha likaegeshwa chini ya mwembe, likapigwa na mvua za misimu mitatu. Mlinzi aliyeachiwa alikuwa mtu mwangalifu kwa namna yake: kila alipoona pini zinakauka alizipaka mawese. Safari hii mwenyewe alilitaka lipakie mbao kwenye barabara za vijijini kabla ya mvua za Novemba, na bila difu ya mbele wala gia nzito lori la namna hiyo kwenye tope ni mzigo juu ya mzigo.

Lilivyofika gereji

Injini ilikuwa inawaka na klachi inaachia. Liva ya transfa ilikuwa imeganda kwenye gia nyepesi. Ya difu ya mbele imeganda ikiwa haijaungwa. Ya winchi ilisogea kama sentimita mbili kisha ikagonga kitu kigumu. Ya handibreki ilipanda juu lakini haikushika. Ukiiachia inarudi chini.

Kabla ya kufika, watu wawili walikuwa wamevisha liva ya transfa bomba la maji la mita moja na kuivuta. Liva ilipinda, ncha yake ikahama kama sentimita nne kuelekea mlango wa abiria, na bado chini haikusogea. Dereva alikuwa ameshakata shauri: "Fundi, hii transfa imekufa, tuishushe tu." Fundi mkuu hakukubali wala hakukataa. Aliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia dagaa sokoni, akaifunga kwa kamba kwenye kifundo cha kila liva na kuivuta taratibu. Transfa: kilo 45, haikusogea hata kidogo. Difu ya mbele: hivyo hivyo. Winchi: kilo 3 hadi ilipogonga. Namba hizi ziliandikwa kwa chaki kwenye mlango na zikabaki pale hadi kazi ilipokwisha.

Hatua ya kwanza: lori lisiondoke

Kwenye malori mengi ya aina hii breki ya mkono haikamati magurudumu moja kwa moja. Inakamata ngoma iliyo nyuma ya transfa, kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Hapo pana hatari mbili zinazosahaulika. Kwanza, transfa ikishaingia fri, kuliacha lori kwenye gia ya kwanza hakulizuii tena, maana gia boksi imetengana na magurudumu. Pili, handibreki yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu. Fundi anayelala chini kuchezea shafti za transfa anaweza kulifungulia lori limpitie juu.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote magurudumu manne yaliwekewa magogo ya mraba mbele na nyuma, ardhi ikiwa sawa, na waya hasi wa betri ukatolewa.

Hatua ya pili: kutenganisha liva na boksi

Huu ndio uamuzi uliookoa kazi yote. Kati ya liva na transfa kuna rodi, na kila mwisho wa rodi una kichwa cha uma kilichofungwa kwa pini iliyozuiwa na kipini cha miguu miwili. Rodi zote tatu zilitolewa. Kabla ya kuzitoa, kila kichwa kilipigwa mstari wa rangi na hesabu ya uzi ulioonekana nje ya nati ikaandikwa: transfa uzi 9, difu ya mbele uzi 11, winchi uzi 7.

Rodi zilipotoka, swali moja kubwa liligawanyika kuwa maswali madogo yanayojibika.

Liva ya transfa ilibaki imeganda vile vile, ingawa haikuwa imeunganishwa na kitu. Kwa hiyo ilikuwa imeshikwa na pini yake. Shafti ya selekta (fimbo inayobadilisha gia ndani ya boksi) upande wa transfa ilisukumwa kwa mtaimbo mdogo, ikatoka gia nyepesi kwenda fri, na gololi yake ya ndani ikasikika ikidondokea kwenye kijishimo: tak. Kisha ikakataa kwenda gia nzito. Msaidizi alitaka kuongeza nguvu, na hapo alizuiwa. Kwenye malori mengi ya mpango huu kuna kufuli la ndani lisiloruhusu gia nzito kabla difu ya mbele haijaungwa, ili nguvu yote ya gia nzito isimwagwe kwenye ekseli za nyuma peke yake. Alama yake ni kwamba shafti inagota mahali pale pale kila mara, kwa mgoto mkavu, chuma kwa chuma. Kutu haigoti hivyo. Kutu inakwaruza, inanata, na kila ukijaribu inakubali au inakataa mahali tofauti kidogo.

Shafti ya difu ya mbele ilisogea milimita 8 kati ya 22 zinazotakiwa, kwa mkwaruzo, ikasimama. Tochi ilionyesha sababu: sehemu ya shafti iliyokaa nje ya sili (pete inayozuia mafuta yasivuje) miaka yote ilikuwa na pete ya kutu nene kama ganda la muhogo, na pete hiyo haikuweza kuingia kwenye tundu.

Liva ya winchi haikuwa na ugonjwa wowote. Chini ya tabaka la vumbi na mawese yaliyokauka palikuwa na ulimi mdogo wa chuma unaozuia winchi isiungwe kwa bahati mbaya lori likiwa safarini. Ulimi huo huinuliwa kwa kidole. Uliposuguliwa kwa brashi ya waya na mafuta ya taa ukainuka, liva ikapita. Dakika kumi na tano.

Handibreki nayo ilikuwa na hadithi yake: kikucha kinachoshika meno kilikuwa kimeganda kwenye pini yake kikiwa kimeinuka, na rodi ya kitufe iliyopita ndani ya liva ilikuwa imekazwa na chumvi.

Liva nne, sababu nne. Transfa, ambayo kila mtu alikuwa ameihukumu, ilikuwa nzima.

Hatua ya tatu: maji kabla ya mafuta

Mafundi wengi huanza na mafuta ya kupenya. Hapa walianza na maji matamu. Chumvi iliyobaki ndani ya kutu huvuta unyevu wa hewa na kukifanya chuma kiendelee kuliwa hata lori likiwa chini ya paa, na mafuta yakimwagwa juu yake yanaifunika tu. Lita 40 za maji ya moto, yasiyo ya kuchemka, zilimwagwa kidogo kidogo kwenye bano, pini na handibreki, zikisindikizwa na brashi na sabuni ya unga ili kukata mawese. Kisha likaachwa juani siku nzima likauke.

Mawese yanastahili neno. Ni mafuta ya kula. Yakikaa kwenye chuma yanachacha na kutoa tindikali, yanaganda asubuhi ya baridi, na yanashika vumbi hadi yanakuwa kama lami. Yule mlinzi hakuharibu kwa uzembe. Alitumia mafuta aliyokuwa nayo, na Kigoma hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi. Lakini kwenye pini ya chuma si grisi.

Baada ya kukauka, kopo moja la dawa ya kupenya lilipulizwa asubuhi na jioni kwa siku mbili. Lilipokwisha, ulichanganywa nusu kwa nusu mchanganyiko wa mafuta ya gia boksi za otomatiki na asetoni, ukatikiswa kila mara kwa kuwa viwili hivyo hujitenga, ukadondoshwa kwa bomba la sindano kwenye nyufa za pini. Asetoni inaingiza mafuta mahali yasipofika yenyewe, kisha inakauka na kuyaacha humo. Inawaka kwa urahisi sana, kwa hiyo siku hizo hakuna aliyekaribia na moto.

Nipo ya zamani ilikuwa imepakwa rangi juu. Ilitolewa, na waya wa milimita 3 ukaingizwa kwenye tundu la pini. Sentimita nane za kwanza zilitoka na grisi laini. Baada ya hapo waya uligonga kitu kama sabuni iliyokauka. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini winchi ililegea na zile mbili za ndani zikaganda: grisi iliyosukumwa miaka yote ilitokea kwenye kitundu cha kwanza, kwa sababu ndiyo njia rahisi. Aliyekuwa akipiga grisi aliona inafurika nje akaridhika. Transfa na difu ya mbele hazikuwa zimepata kitu kwa muda mrefu.

Hatua ya nne: kosa

Bano limefungwa kwa bolti nne ubavuni mwa gia boksi, na ili kuzifikia ni lazima kung'oa bamba la sakafu, ambalo skrubu zake 12 zilikuwa zimeoza. Gereji iliamua kuepuka hiyo kazi na kuchomoa pini ikiwa mahali pake, kwa kivutio cha skrubu kilichotengenezwa kwa bolti ndefu, bomba na nati. Nguvu iliongezwa kwa robo robo ya mzunguko. Ulisikika mlio mmoja mdogo, na kazi ikawa rahisi ghafla. Pini haikuwa imetoka. Bano lilikuwa limepasuka, ufa wa milimita 30.

Sababu ilionekana baada ya kukwangua rangi: pini kubwa ilikuwa imezuiwa na kipini cha mchongoko, milimita 8, kilichopita ubavuni mwa bano. Kilikuwa kimefunikwa na tabaka mbili za rangi ya kijani na udongo. Kivutio kilikuwa kinavuta bano dhidi ya kizuizi chake chenyewe. Pini za egemeo karibu zote zina kizuizi fulani, iwe bolti, kipini au pete, maana vinginevyo zingetambaa na kutoka zenyewe kwa mtikisiko. Kama hujakiona, bado hujatafuta.

Sasa sakafu ikang'olewa, kazi ile ile iliyokwepwa. Skrubu tano zilitoka, saba zilikatwa vichwa kwa patasi. Bano zima likatoka na liva zake. Bolti mbili kati ya nne zilikuwa zimepenya hadi ndani ya gia boksi, mafuta yakaanza kudondoka. Mashimo yakazibwa kwa vitambaa safi vyenye uzi ili visidumbukie.

Hatua ya tano: moto kwenye vaisi

Bano likiwa kwenye vaisi, mbali na lori la petroli, kipini cha mchongoko kiligongwa kutoka upande wake mwembamba kwa panchi. Kilitoka kwa pigo la nne.

Mafuta yote ya kupenya yalifutwa na kuachwa yakauke kwanza. Moto wa gesi uliwekwa kwenye kitovu cha liva (sehemu yake yenye tundu la pini), siyo kwenye pini, ukizungushwa bila kutua mahali pamoja. Lengo ni kitovu kitanuke kabla pini haijapata joto. Mshumaa ndio uliotumika kama kipimo: nta ilipoyeyuka na kuanza kutoa moshi papo hapo, moto ukaondolewa. Chuma hakikuachwa kifike kubadilika rangi kuwa nyekundu. Nta yenyewe ikanyonywa kwenye ufa kati ya pini na liva, ikafanya kazi ya kulainisha.

Baada ya hapo hakuna aliyevuta. Liva ilitikiswa mbele na nyuma, milimita mbili tatu, huku kitovu kikigongwa kwa nyundo ndogo upande mmoja na nyundo nzito ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana hukaza. Ukivuta upande mmoja tu unaisukuma ijibane zaidi, ukitikisa inasagika na kutoka kama unga wa kahawa. Joto la pili, liva ya difu ya mbele ikaachia. Joto la tatu, ya transfa. Kisha pini ikasukumwa nje kwa kipande cha chuma cha milimita 18, ncha yake ikiwa imevishwa nati ili isitanuke kama uyoga.

Pini ilikuwa na vidonda vya milimita 0.3 hadi 0.4 kwenye sehemu mbili za ndani. Kuisugua kwa msasa na kuirudisha kungewezekana, lakini kila kidonda kingeshika maji. Pini mpya ilikerezwa kwa chuma laini, milimita 20.00 kamili. Wazo la kutumia ekseli chakavu lilitupwa: ngozi yake ni ngumu, na kuitoboa kungevunja keekee moja baada ya nyingine. Vitovu vya transfa na difu ya mbele, vilivyokuwa vimelika kuwa duaradufu, vilipanuliwa hadi milimita 24 na kuvishwa bushi za bronzi zilizochongwa kutoka bushi chakavu ya shafti ya boti, kitu kisichokosekana kwenye mji wa ziwa. Nafasi iliyoachwa ilikuwa milimita 0.12. Ni pana kwa mashine ya kasi, lakini liva inasogezwa mara chache kwa siku kwenye vumbi na tope; ikibana sana, mchanga kidogo tu utaigandisha upya.

Grisi ndiyo iliyopewa mawazo zaidi. Badala ya nipo moja, kila liva ilitobolewa kitovuni na kuwekewa nipo yake. Tundu refu la katikati halikutobolewa kabisa kwenye pini mpya. Grisi iliyochaguliwa ni ya kalsiamu, inayostahimili kuoshwa na maji.

Ufa wa bano uliungwa kwa shaba kwa moto wa gesi, bano likiwa limepashwa joto lote kwanza na kufukiwa ndani ya majivu makavu lipoe usiku kucha. Fimbo za kawaida za kuchomelea kwa umeme zilikataliwa. Kwenye chuma cha kutupwa hushika leo na kupasuka pembeni kesho.

Shafti ya difu ya mbele, mafuta na handibreki

Pete ya kutu isingesukumwa ndani, kwani ingekata sili. Kitambaa chenye grisi kilizungushwa kwenye shina la shafti kukamata vumbi, kisha ukanda wa msasa namba 120, baadaye 400, ukavutwa huku na huku kama mtu anayeng'arisha viatu, fundi akilala chali, saa moja na nusu. Shafti ikapita milimita zote 22. Na ilipofika mwisho, ile ya transfa nayo ikakubali gia nzito bila shida, jambo lililothibitisha kwamba lile lililokuwa linaizuia ni kufuli tu.

Mafuta ya transfa yalimwagwa, yakatoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kupitia sili hiyo hiyo. Yaliwekwa mafuta ya bei nafuu, lori likaendeshwa kilomita 40 baadaye, yakamwagwa yangali moto, ndipo yakaingia mafuta ya gia ya 80W-90, daraja la GL-4. GL-5 iliepukwa kwa sababu viungo vyake vinaweza kushambulia bushi za shaba na bronzi zilizomo kwenye maboksi ya zamani.

Kikucha cha handibreki kilitolewa, kikasuguliwa, meno matatu yaliyolika yakanolewa kwa tupa ya pembetatu, springi ikabadilishwa.

Kufunga na jaribio lililoshindwa

Bano lilirudi, bolti mbili zinazopenya zikapakwa gundi ya kuzuia mafuta kwenye uzi. Rodi zilirudishwa kwa hesabu zile zile: 9, 11, 7. Mizani ikaletwa tena. Transfa kilo 11, difu ya mbele kilo 9, winchi kilo 4. Sehemu kubwa ya uzito huo ni springi za gololi. Bila rodi kila liva ilisogea kwa kilo moja na nusu.

Jaribio lilifanywa kwenye njia ya mchanga, siyo lami. Kwenye ardhi ngumu difu ya mbele ikiungwa ekseli hazipati nafasi ya kutofautiana, mikazo inajifunga kwenye propela, na liva hugoma kutoka hata ikiwa mpya. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache, wala si bomba. Vivyo hivyo liva ikikataa kuingia lori likiwa limesimama, huenda meno yamekutana ncha kwa ncha. Lisogeze nusu mita.

Kwenye mwinuko wa kwanza gia nzito ilichomoka. Ikarudishwa, ikachomoka tena na kusaga meno. Jaribio likasimamishwa hapo hapo, na vizuri, maana kila kuchomoka kunaviringisha kingo za meno na kuifanya inayofuata iwe rahisi.

Sababu ilikuwa ile liva iliyopindwa na bomba la maji. Ikiwa kwenye gia nzito iligusa ukingo wa uwazi wa sakafu kabla gololi haijaingia kijishimoni. Meno yalikuwa yameshikana nusu tu. Wakati sakafu ilipokuwa nje ilipita vizuri. Tatizo lilizaliwa bamba lilipofungwa. Liva ilitolewa, ikapashwa moto na kunyooshwa, kisha rodi ikarekebishwa kwa njia ambayo ingepaswa kutumika tangu mwanzo: selekta ilisukumwa kwa mkono hadi gololi ikaingia, liva ikashikwa milimita 10 kabla ya ukingo wa sakafu, na kichwa cha rodi kikazungushwa hadi pini ikaingia kwa kusukumwa na kidole. Kutoka uzi 9 ikawa 12. Ile 9 ya zamani ilikuwa kipimo cha pini na kitovu vilivyolika.

Matokeo

Lori lilipanda mwinuko ule ule likiwa na mchanga nyuma, gia nzito, difu ya mbele ikivuta, mara sita bila kuchomoka. Winchi ilivuta. Handibreki ililishika kwenye mteremko kwa jino la tano. Kazi yote ilichukua siku kumi na moja, nne kati ya hizo ni kusubiri: jua, dawa ya kupenya, na fundi wa kukereza.

Baada ya miezi mitatu ya kubeba mbao mizani ilisoma kilo 11, 10 na 4. Sili ya shafti ya difu ya mbele ilianza kuvuja, matone machache kila usiku.

Uchambuzi

Kutoa rodi kulichukua dakika 40 na kukafuta kazi ya kushusha transfa, ambayo ingehitaji winchi ya mnyororo, watu wanne na siku mbili, halafu transfa ingerudishwa nzima kama ilivyoshuka na liva zingali zimeganda. Dereva hakuwa mjinga kuilaumu transfa. Liva na boksi vikiwa vimeungana, mkono hauwezi kutofautisha kinachogoma.

Mizani ya dagaa ilifanya kazi ambayo maneno "ngumu" na "laini" hayawezi. Ilipoonyesha kilo 3 kwa winchi kisha ukuta, ilikuwa tayari imesema kwamba hapo hakuna kutu, kabla ya mtu kulala chini ya lori.

Kosa la kivutio lilitokana na kuogopa skrubu 12. Sakafu ilikuja kung'olewa hata hivyo, na juu yake ikaongezeka kazi ya kuunga bano. Ukwanguaji wa rangi kuzunguka bano kwa dakika kumi ungeonyesha kipini cha mchongoko. Bano hilo sasa lina mshono wa shaba, na ingawa halijasogea, ni mahali pa kutazamwa kila huduma.

Liva iliyopinda ilionwa siku ya kwanza, ikaandikwa, na bado ikafungwa ilivyo, kwa kuwa akili zote zilikuwa kwenye kuganda. Jaribio la mwendo kamili wa kila liva lifanywe sakafu ikiwa imefungwa na zulia limetandikwa, maana ndivyo lori litakavyoendeshwa.

Sili ilipaswa kubadilishwa pale shafti ilipokuwa wazi. Iliachwa kwa kuwa haikuwepo mjini na ile ya kuagiza Dar es Salaam ingechukua wiki nzima. Uamuzi huo unaeleweka kwa mtu aliyekuwa anakimbizana na mvua, lakini mafuta yaliyotoka kama chai ya maziwa yalikuwa ushahidi tosha kwamba sili ile imekwisha, na hata msasa laini kiasi gani hauwezi kuziba vidonda vilivyobaki kwenye shafti.

Bushi za bronzi zina ubishi wake. Bronzi na chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Grisi ikiwepo hilo halitokei. Ikikosekana, pini mpya italiwa haraka kuliko ile ya zamani. Kwa lori lililorudi kubeba chumvi, bushi za plastiki ngumu zingekuwa chaguo bora. Kwa hili linalobeba mbao, bronzi inatosha, mradi nipo zote tatu zipigwe kila baada ya wiki mbili hadi grisi safi ionekane pande zote mbili za kila kitovu, na liva zote nne zisogezwe mwanzo hadi mwisho hata wiki ambayo hazihitajiki. Dereva ameandika siku hizo kwa chaki mlangoni, chini ya zile namba za kilo 45.